Watoto wa Penseli

Tik. Tik-tik. Tik.

Ni kifuniko cha birika, kinachezeshwa na mvuke, saa kumi na moja alfajiri, katika jiko ambalo halikupaswa kuwa na mtu.

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Cherehani kwenye ujia wa nyumba yake, miguu mitupu, rula ndefu ya kupimia vitambaa ameinua juu ya kichwa, na chini ya mlango wa jiko mwanga unachungulia. Msihofu, mkono haukumchoka. Huyu ni mwanamke aliyezungusha gurudumu la cherehani kwa miaka thelathini.

Akausukuma mlango kwa goti.

"Nani humo!"

"Shikamoo, mama!" zikajibu sauti sita kwa pamoja.

Rula ikabaki hewani.

Walikuwa mafundi wake. Wote sita, kutoka karakana yake ya kushona sare za shule, wameizunguka meza yake kama waliozaliwa hapo. Bi Kola, mkubwa wao, alikuwa anakata mkate. Zipu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haufungiki, alikuwa ameshagundua sukari ilikofichwa. Na Kasi, mshonaji mwepesi kuliko wote, alikuwa ameketi kwenye kiti chenye egemeo, tumbo lake kubwa limetangulia mezani, begi la nguo liko miguuni.

Nyuma yao Mzee Kofia, mume wa Mama Cherehani, alikuwa anamimina chai. Kofia kichwani, kama kawaida. Watu husema mzee huyu huivua kofia yake mara mbili tu: akioga, na akiwa na jambo zito.

"Nani kawafungulia?" Mama Cherehani aliuliza.

"Mimi," akasema mumewe. "Wamegonga, nikauliza nani, wakasema ni wanangu. Nikaona si vizuri kuwaacha watoto kwenye umande."

"Watoto gani? Wewe una mtoto mmoja, na yuko mbali, na simu hapigi!"

"Ndiyo maana nimefurahi," akasema Mzee Kofia, akamsogezea Bi Kola kikombe.

Sasa, kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfungia samaki, jambo lenyewe ni hili.

Sheria mpya ya kazi imetoka. Kila mfanyakazi apewe mkataba wa maandishi. Awe na siku ya mapumziko. Saa za ziada zilipwe. Akiugua asipoteze mshahara, na akijifungua apate likizo, mshahara wake uendelee na kiti chake kimngoje. Siku mbili zilizopita Mkaguzi wa Kazi alifika karakanani, akawaona mafundi sita, akauliza mikataba iko wapi. Mama Cherehani alishikwa na woga. Na mtu mwenye woga husema la kwanza linalomjia ulimini.

"Hawa?" alisema. "Hawa si wafanyakazi. Hawa ni wanangu."

Kumbe sheria ina kifungu chake. Mkaguzi aliinamisha kichwa, akaandika, akasema atarudi Alhamisi. Alipoondoka, Zipu aliiokota karatasi ya maelezo aliyoiacha, akawasomea wenzake kwa sauti: watoto wa mwenye kazi, wanaokaa naye nyumba moja na kula naye chungu kimoja, hawahesabiwi kuwa wafanyakazi.

Wanaokaa naye nyumba moja. Na kula naye chungu kimoja.

Basi wakaja.

"Mama, usisimame kwenye baridi, utaumwa goti," alisema Kasi kwa upole. "Njoo ukae na wanao."

"Nyie mnanitania."

"Sisi? Wewe ndiye uliyetuzaa juzi, mbele ya serikali, wote sita kwa mpigo. Sisi tumekuja tu kuona vitanda vyetu."

"Mimi nataka chumba chenye dirisha," alisema Zipu, mkate mdomoni. "Nikikosa hewa naota vibaya."

"Chumba chenye dirisha ni cha mkubwa," alisema Bi Kola. "Mkubwa ni mimi."

Na kweli alikuwa mkubwa. Alikuwa mkubwa hata kuliko mama yake, kwa miaka mitatu.

Mama Cherehani akaiweka rula ukutani. Akakaa. Mzee Kofia akamwekea chai mbele yake, tangawizi na kijiko kimoja cha sukari, akampiga bega kidogo alipopita. Kuna wanaume ambao maneno yao yote yako kwenye chai.

"Na hilo begi?" Mama Cherehani akamuuliza Kasi.

"La kujifungulia."

"La nini?"

"Binti akikaribia siku zake huja kwa mama. Nimeleta nguo za mtoto, sabuni, na kandambili. Nitajifungulia hapa, halafu utanilea mpaka nipate nguvu. Miezi mitatu, minne hivi. Uko macho usiku, mama? Maana watoto wa kwetu wanalia."

Zipu akacheka mpaka chai ikampalia. Lakini Kasi hakucheka, na Mama Cherehani akaliona hilo. Akashusha macho kwenye kikombe.

Alijua Kasi anamkumbuka nani. Mwaka uliopita fundi wa mifuko ya mashati alijifungua. Mama Cherehani alimshonea mtoto nguo tisa kwa mkono wake, za kitambaa laini, zenye kola ndogondogo za kupendeza. Mzazi alipofika karakanani kuomba kurudi kazini alizikuta nguo hizo zimekunjwa vizuri, na mtu mwingine ameketi kwenye kiti chake. Alishukuru. Akaondoka na nguo tisa. Hakurudi tena.

Hilo ndilo lililomtoa Kasi kitandani alfajiri ile. Alitaka kujua kama kiti chake kitamngoja.

"Haya," Mama Cherehani akasema ghafla, akasimama. Hamkudhani ameshindwa, sivyo? "Mnataka kuwa wanangu? Vizuri. Mimi mama yenu nasema, jiko hili lifagiliwe. Vyombo vioshwe. Maji yachotwe pale bombani, ndoo nne. Halafu moja kwa moja karakanani! Mashati mia moja na ishirini ya shule yanatakiwa keshokutwa!"

"Ndiyo, mama!" wakajibu, wakainuka.

Nusu saa baadaye alijuta.

Kwa maana walifagia kama mabinti wa nyumbani wanavyofagia. Ufagio mmoja, watu wanne, na hadithi. Waliosha vikombe huku wakibishana nani alipendwa zaidi utotoni. Jua lilichomoza, likaingia dirishani, likawakuta bado kwenye sufuria ya kwanza.

"Karakana!" Mama Cherehani alipiga kelele. "Saa ya kazi imefika!"

"Saa ya nini, mama?" Bi Kola aliuliza, akifuta kijiko taratibu. "Wafanyakazi ndio wenye saa za kazi. Sisi watoto tunakusaidia tu. Tukijisikia."

"Na mimi leo sijisikii," alisema Zipu. "Nitamsaidia mama kesho. Au nitazame moyo wangu unasemaje."

"Nitakufukuza!"

"Mtoto hafukuzwi kazi, mama. Mtoto anasemwa tu."

Mzee Kofia aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Tena kwa kuwa tuko wote," Zipu akaendelea, "tungezungumzia urithi. Ile cherehani ya dirishani, ile nyeusi isiyokata uzi, mimi naomba iandikwe jina langu."

"Hiyo ni ya mkubwa," alisema Bi Kola.

"Mkubwa umeshachukua chumba!"

"Mgawane ya kushonea vifungo," alisema fundi mmoja wa pembeni.

"Jamani!" Mama Cherehani aliipiga meza. "Mwenyewe bado sijafa! Nimesimama hapa!"

"Hatukuombei mabaya, mama," Kasi akasema. "Tunapanga tu."

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Mara tatu, kwa adabu.

Ufagio ukasimama katikati ya jiko.

"Leo ni Jumatano," Mama Cherehani alinong'ona. "Alisema Alhamisi."

Mzee Kofia alikwenda kufungua, akarudi na mtu mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, anakumbatia mkoba wake kifuani kama mtoto mchanga kwa sababu mkanda wake ulikuwa umekatika.

Alikuwa Mkaguzi wa Kazi.

"Samahani kwa kuja mapema," alisema. "Nikisema Alhamisi, watu hujiandaa. Kwa hiyo huja Jumatano." Akatazama vikombe, ufagio, begi la Kasi. "Naona familia imekutana."

Mama Cherehani alimtazama Kasi, na Kasi akamtazama yeye. Hapo mzaha ulipotea usoni mwa yule binti. Mpango wao ulikuwa kumwelemea Mama mpaka afute kauli yake mwenyewe, kabla ya Alhamisi. Haukuwa na nafasi ya Mkaguzi kufika sasa hivi. Kasi akisema ndiyo, mimi ni mtoto wa nyumba hii, likizo yake imekwenda na maji. Akisema hapana, tunasema uongo, karakana itafungwa, na wenzake watano watakosa kazi pamoja naye.

Mkaguzi akavuta kiti. Akatoa karatasi.

"Maswali mawili matatu tu. Mtoto wa kwanza ni nani?"

"Mimi," Bi Kola akasema kwa sauti ndogo.

Mkaguzi akazitazama mvi zake. Akazitazama za Mama Cherehani, ambazo zilikuwa chache zaidi.

"Alikuzaa akiwa na umri gani?"

"Mdogo," alisema Zipu haraka. "Mdogo sana."

"Alikuwa bado hajazaliwa," Mzee Kofia akasaidia.

Mkaguzi aliandika kitu. Huenda alikuwa anatabasamu, lakini alikuwa ameinama, haikuonekana.

"Mama yenu ana maradhi yoyote?"

"Goti la kushoto," alisema Bi Kola. "La kulia huwa analisingizia akitaka kukaa."

"Chai yake?"

"Tangawizi, sukari kijiko kimoja," alisema Zipu. "Akiwa na wasiwasi hainywi. Anaikoroga mpaka inapoa."

Wote wakakitazama kikombe cha Mama Cherehani. Kilikuwa kimejaa, kimepoa, na kijiko kilikuwa bado mkononi mwake.

"Na akikasirika?"

Kasi ndiye aliyejibu. "Hapigi kelele, kelele zake ni za kawaida tu. Akikasirika kweli hunyamaza. Halafu huchukua shati ambalo halina kosa, akalifumua, akalishona upya. Akifika pindoni hasira imekwisha. Nasi tunamwachia shati moja mezani makusudi."

"Mnaniachia?" Mama Cherehani aliuliza.

"Kila siku, mama. Miaka minne sasa."

Mama Cherehani alikaa chini. Miaka minne! Alidhani ni kwa bahati tu kwamba shati lipo.

Mkaguzi akatikisa kichwa polepole. "Wanakujua vizuri kuliko watoto wengi wanavyowajua mama zao. Basi huenda ni kweli." Akamwonyesha Kasi kwa kidole. "Na wewe sasa. Huyu binti yako anajifungua mwezi gani?"

"Mwezi..." Mama Cherehani akasema.

Akaishia hapo. Aliona tumbo hilo kila siku. Alilipisha njia kati ya cherehani na meza ya kukatia. Hakuwahi kuuliza mwezi.

"Usiku akishindwa kulala, anamwita nani?"

Hakujua.

"Anakaa na nani?"

Hakujua hilo pia. Alijua mshono wa Kasi. Ungempa mashati mia moja angeyatoa ya Kasi akiwa amefumba macho. Alijua kwamba ikifika saa kumi jioni mgongo huanza kumuuma. Ndiyo maana siku moja aliuondoa mto kwenye kiti chake mwenyewe, akauweka nyuma ya Kasi, akaenda zake bila kusema lolote. Hayo aliyajua. Lakini hayo si aliyoulizwa.

Birika likagonga. Tik. Tik.

Mgongo wa Kasi ulikuwa umenyooka, mikono juu ya begi. Hakumsaliti. Angeweza kusema neno moja tu, na hakulisema.

"Si wanangu," alisema Mama Cherehani.

"Samahani?"

"Si wanangu. Ni wafanyakazi wangu. Wote sita. Nilikudanganya. Wao hawakudanganya, mimi ndiye. Kama ni kuandika, niandike mimi."

Zipu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii, alifunga mdomo.

Mkaguzi aliweka karatasi mezani. "Kumdanganya mkaguzi ni kosa. Kwa kosa hilo karakana hufungwa mwezi mzima."

"Mwezi!" Mama Cherehani aliishika meza. "Na mashati ya watoto wa shule?"

"Mwezi mzima. Kosa likishaandikwa." Akaingiza mkono mkobani, akapapasa, akatoa kitu kidogo cheupe. Kilikuwa kifutio. "Ila mimi ziara ya kwanza huandika kwa penseli. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tano, mama. Siku ya kwanza watu huwa na watoto wengi sana. Siku ya pili huwa wanapungua. Mwenye duka la mbao alikuwa na wapwa kumi na wanane. Mwenye kiwanda cha matofali alikuwa na wakwe." Akaanza kufuta, taratibu, akipuliza unga. "Wa kwako walikuwa sita. Sasa hawapo. Haya, tuandike wafanyakazi. Kwa kalamu."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha majirani ambao walikuwa bado wamelala.

Lakini msidhani mambo yaliisha kwa kicheko. Kalamu ilipotoka, Mama Cherehani alirudi kuwa Mama Cherehani.

"Siku ya mapumziko, sawa. Saa za ziada, sawa, ingawa nyie mkibaki jioni mnapiga soga tu. Lakini miezi mitatu ya uzazi, mshahara unaendelea, kiti kinangoja! Nani atashona mbavu za mashati, ule mshono wa ubavuni? Mimi nimemtendea nini huyu mtoto? Si nilimpa mto?"

"Ulinipa, mama," Kasi akasema. "Sijawahi kuusahau. Siku ile nilitaka kulia. Lakini ulinipa kwa sababu siku hiyo moyo wako ulikuwa mzuri. Siku moyo wako ukiwa vibaya, nitautafuta mto nisiuone. Yule fundi wa mifuko naye alipewa nguo tisa."

"Zilikuwa nguo nzuri."

"Zilikuwa nzuri sana. Mtoto alizivaa zote. Mama yake alikuwa anatafuta kazi huku amembeba nazo."

Mama Cherehani aliokota uzi uliokuwa kwenye mkono wa gauni lake, akauzungusha kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi.

"Unaweza kumwajiri mtu wa muda," Mkaguzi akaeleza. "Naye umpe mkataba wake wa miezi mitatu, ajue tangu siku ya kwanza kwamba kiti ni cha mwenzake. Hapo hamtagombana."

"Mtu wa muda ataniharibia mbavu," alisema Mama Cherehani. Kisha, baada ya kufikiri: "Huyo nitampeleka kwenye vifungo. Kwenye kiti cha Kasi nitakaa mimi mwenyewe. Nikikikalia mimi, hakuna mwingine atakayekikalia. Na yule wa mifuko... huyo wa muda aweza kuwa yeye, kama anataka. Nani anajua anakoishi?"

"Mimi najua," akasema Bi Kola. "Nitamfikishia habari leo."

"Basi andika," Mama Cherehani akamwambia Mkaguzi. "Andika kabla sijabadilisha mawazo."

Mkaguzi akaandika. Saa za kazi. Siku ya mapumziko. Ugonjwa. Uzazi. Alipofika mwisho wa mkataba wa Kasi, Mama Cherehani akamzuia mkono.

"Ongeza na mto."

"Mto?"

"Mto wa kiti. Uandikwe. Kwamba ni wake, niwe nimekasirika au sijakasirika."

Mkaguzi alimtazama kidogo, kisha akaandika: *na mto mmoja wa mgongo.* Kasi akageuza uso dirishani. Zipu akampa ncha ya kitambaa chake bila kumtazama.

Mama Cherehani aliingiza mkono mfukoni, akainama kutia sahihi.

"Mama," Zipu alimnong'oneza. "Hiyo ni chaki ya kukatia. Kalamu iko hapa."

Fomu sita zikasainiwa. Wakati wino unakauka, Bi Kola alikuwa ameshauchukua mkoba wa Mkaguzi, na mkanda wake ulikuwa umerudi mahali pake kwa mshono wa mara mbili.

"Siwezi kupokea zawadi," Mkaguzi alisema kwa hofu.

"Si zawadi, ni uzi," alisema Bi Kola. "Saini zimeshatiwa. Nenda zako."

Jua lilikuwa limepanda. Mafundi waliinuka, wakapanga vikombe, safari hii upesi, kwa maana sasa saa ya kazi ilikuwa ipo na ilikuwa inaanza. Kasi akashika begi lake. Mama Cherehani alimfuata hadi kizingitini.

"Begi unalipeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu, bosi."

Bosi! Neno hilo lilimwingia Mama Cherehani kama kifungo kigeni kwenye shati lake mwenyewe.

"Mwezi gani?" aliuliza.

"Nini, bosi?"

"Utajifungua mwezi gani? Nakuuliza."

Kasi akatabasamu. "Mwezi ujao, mwishoni. Nakaa na dada yangu, nyuma ya duka la mbao. Usiku nikikosa usingizi namwita yeye, anakoroma, basi nazungumza na tumbo."

"Nyuma ya duka la mbao," Mama Cherehani alirudia, kama mtu anayejisomea vipimo asije akavisahau. "Na hiyo bosi uiache karakanani. Hapa sijaiandika popote."

"Ndiyo, mama," alisema Kasi, akashuka ngazi, mkono mmoja kiunoni, na Zipu akambebea begi huku anamweleza jambo ambalo halikuwa na mwisho.

Mama Cherehani alirudi jikoni akiwa mwepesi. Mambo yamekwisha, aliwaza. Atakunywa chai sasa, ya moto.

Akasimama mlangoni.

Kofia ilikuwa mezani.

Peke yake, katikati ya meza, karibu na birika. Na Mzee Kofia, kichwa wazi, mvi zake chache zimesimama, alikuwa ameinamia karatasi, penseli mkononi. Mkaguzi alileta fomu saba. Zilizojazwa zilikuwa sita.

"Unafanya nini, mume wangu?"

"Najaza."

"Wewe ni familia! Wewe sheria haikuhusu!"

"Ndiyo hiyo sababu najaza mwenyewe," alisema Mzee Kofia bila kuinua macho. "Wao wametetewa. Mimi nimebeba majora ya vitambaa na kupeleka mashati shuleni kwa baiskeli miaka ishirini na miwili, na nimetetewa na nani?"

Mama Cherehani aliinyakua karatasi. Alisoma mstari wa kwanza: *Kazi: kubeba, kupeleka, kuchemsha chai, kunyamaza.* Akacheka kwa sauti.

Akasoma mstari wa pili, akaacha kucheka.

*Likizo inaanza: kesho.*

Kesho! Na mashati mia moja na ishirini yanatakiwa keshokutwa, na mtu mwenye baiskeli ni mmoja tu duniani!

Chini ya kiti kulikuwa na begi. Si la Kasi. Lilikuwa dogo, la zamani, limefungwa kamba, na juu yake kumeandikwa kwa penseli jina la mji ule wa mbali anakofanya kazi mtoto wao, yule asiyepiga simu.

"Wewe!" alisema Mama Cherehani.

Mzee Kofia akanywa chai yake.

Nje, geti dogo lilikuwa linafungwa; Mkaguzi alikuwa amechelewa akipanga karatasi zake uani. Mama Cherehani akakimbilia mlangoni, miguu mitupu kama alfajiri, karatasi mkononi, goti la kushoto limesahaulika kabisa, akamwita yule mtu ambaye kwa siku mbili nzima alikuwa anaomba asimwone tena maishani:

"Mkaguzi! Baba, ngoja kidogo! Utatutembelea tena lini? Njoo tena kesho, tafadhali, na kile kifutio chako. Njoo mapema!"